Kaboni Iliyo Chini ya Viazi: Keringet na Hesabu ya Msitu wa Mau

Keringet, katika eneo la Kuresoi Kusini, kaunti ya Nakuru, ni nchi ya baridi, ya viazi, majani chai na ng'ombe wa maziwa, iliyo jirani na msitu wa Mau. Msitu huo wa karibu hekta 400,000 umesifiwa kwa muda mrefu kama chimbuko la mito ya Mara, Sondu, Njoro na Molo. Sasa unatajwa pia kama hazina ya kaboni. Tangu serikali ya Kenya ilipotangaza mwaka 2022 azma ya kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, mafanikio yamekuwa yakipimwa kwa idadi ya miche. Makala haya yanadai kwamba kipimo hicho kinapotosha: kinachopaswa kuhesabiwa kwanza ni kaboni iliyopo tayari, na sehemu kubwa yake imo udongoni, ukiwemo udongo wa mashamba ya wakulima.

Mti hufyonza hewaukaa na kuijenga kuwa shina, mizizi na majani. Majani yakianguka na mizizi ikifa, vijidudu vya udongoni huvila. Sehemu ya kaboni hurudi angani na sehemu hubaki kama mboji. Duniani kote, mita moja ya juu ya udongo ina kaboni nyingi kuliko angahewa na mimea yote ikijumlishwa. Nyanda za Mau zina sababu mbili za ziada za kuihifadhi. Baridi ya milimani hupunguza kasi ya kuoza, na udongo uliotokana na majivu ya volkano una madini ya alumini na chuma yanayoshikamana na mboji, hivyo vijidudu havifikii chakula hicho kwa urahisi.

Msitu wenyewe nao si haba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliopima miti zaidi ya 72,000 katika nchi 12 za Afrika, ulikuta kwamba misitu ya milimani huhifadhi wastani wa tani 149 za kaboni kwa hekta juu ya ardhi, kiasi kilichozidi sana makadirio yaliyokuwa yakitumika. Zikirudi hewani zote, ni karibu tani 550 za hewaukaa kwa kila hekta. Mwaka 2001, zaidi ya hekta 61,000 za Mau ziliondolewa katika hifadhi. Mche unaopandwa leo utahitaji miongo mingi kulipa deni la namna hiyo, iwapo utapona kiangazi na meno ya mbuzi.

Mabadiliko ya tabianchi yanaongeza uzito wa hoja hii. Ardhi na mimea yake hufyonza karibu asilimia 30 ya hewaukaa inayotokana na shughuli za binadamu, lakini huduma hiyo haina dhamana ya kudumu. Joto likipanda, vijidudu hufanya kazi kwa kasi zaidi na mboji huoza upesi. Ukame nao hupunguza ukuaji wa mti. Udongo uliolindwa na baridi ndio wenye mengi ya kupoteza.

Jembe huharakisha upotevu huo. Kiazi hupandwa kwa kuchimbua ardhi na huvunwa kwa kuichimbua tena. Katikati ya misimu, mteremko hubaki wazi na mvua hubeba tabaka la juu. Mchai hufunika ardhi mwaka mzima, na matawi yanayopogolewa yakiachwa shambani hurudisha mboji, ingawa viwanda vya chai hutumia kuni kukaushia majani, na kuni hizo lazima ziingie katika hesabu.

Wapo watakaosema kwamba kaboni ya shambani ni ghali kupima na hupotea kirahisi. Ni kweli. Hata hivyo, magharibi mwa Kenya, mradi wa shirika la Vi Agroforestry ulipata mwaka 2014 hati za kaboni zilizotokana na udongo wa wakulima wadogo waliotumia samadi, mabaki ya mazao na miti ya shambani. Kipimo kinawezekana. Isitoshe, faida ya kwanza ya mboji humfikia mkulima mwenyewe: udongo hushika maji, na mbolea ya dukani haipotei bure.

Wengine huona kwamba dawa ni kuwaondoa watu msituni. Mwaka 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba kuwafukuza Waogiek, jamii ya wenyeji wa msitu huo, kutoka Mau kulikiuka haki zao, na haikukubali kwamba wao ndio walioharibu msitu. Sera ya kaboni inayosahau hukumu hiyo itakuwa imekosea kisayansi na kimaadili.

Kwa hiyo mpangilio uwe huu: msitu wa asili uliobaki ulindwe pamoja na wenyeji wake, kisha udongo wa mashamba uhifadhiwe kwa makinga maji, nyasi za mifugo, samadi na mzunguko wa mazao, ndipo ifuate miche, ya aina za kienyeji, ikihesabiwa baada ya kukua. Bajeti ya umma inayolipia miche pekee inapaswa kulipia pia upimaji wa udongo na maafisa wa ugani, kwa sababu huko Keringet mkulima wa viazi ni mtunzaji wa kaboni sawa na askari wa msitu.