Ukimya Ulionunuliwa

Wapo wanaodai kwamba ukimya wa magari ya kifahari ya mwanzo ulikuja wenyewe tu, kwa kuwa yaliundwa kwa ustadi. Sikubaliani nao. Mwaka 1909 kampuni ya magari ya Daimler ya Uingereza iliacha vali zinazogonga, ikachukua injini ya Mmarekani Charles Knight, yenye mirija ya chuma inayopanda na kushuka kuizunguka pistoni. Injini hiyo ilikunywa oili na kuacha moshi wa buluu nyuma yake. Hata hivyo matajiri, pamoja na familia ya kifalme, waliyanunua magari hayo. Nani angevumilia moshi huo kama hakutaka ukimya wenyewe?

Lakini injini iliponyamaza, tairi zikasikika. Baadhi zilivishwa ngozi yenye misumari ya chuma zisiteleze, nazo zilikwaruza barabara za mawe bila haya. Dawa ya kelele hiyo fundi wa injini hakuwa nayo.