Tundu la Simu na Haki ya Mwenye Mali: Mtazamo kutoka Nyanda za Chai za Kericho na Bomet

Mtu akitaka kuipima hoja ya wale wasemao kwamba simu janja haihitaji tena tundu la chaji, hapana pahali panapomfaa kuipimia kuliko nyanda za chai za Kericho na Bomet. Kwani hoja yao kubwa ni maji, na maji ndiyo neema na ndiyo mtihani wa nchi ile. Ardhi imeinuka takriban mita 2,000 juu ya bahari, unyevu wa Ziwa Viktoria hupanda mchana kutwa kuukabili ubaridi wa msitu wa Mau, na aghalabu ifikapo alasiri mbingu hufunga na mvua ikashuka, nayo mara nyingi huja na mawe yanayoyachanachana majani machanga ambayo mkulima alikuwa ameazimia kuyachuma kesho yake. Mchuma chai aliyetoka kwake alfajiri, aproni ya plastiki kiunoni na kikapu mgongoni, huivungia simu yake ndani ya kipande cha plastiki na kuitia kifuani. Hata hivyo jasho, ukungu na chembe za majani hupata njia, na njia hiyo aghalabu ni lile tundu la chini. Vijino vya shaba vilivyomo ndani hushika kutu, na hapo ndipo husikika lile lalamiko linalojulikana na kila fundi wa simu kutoka Litein hadi Mogogosiek: simu haiingizi chaji.

Insafu yanilazimu nikiri haya kabla ya kusema jingine lolote. Tundu ni mahali dhaifu pa simu. Huingiwa na maji, hulegea kwa kuchomekwa na kuchomolewa kila siku, na mwenye simu huona taabu ya kuushika waya kwa pembe fulani mpaka alama ya betri ionekane. Anayesema kwamba chombo kisicho na mwanya hakiingiwi na maji asema kweli. Ila yampasa pia aeleze imekuwaje kwamba tangu mwaka 2016 zimekuwako simu, kama Galaxy S7 ya Samsung na iPhone 7 ya Apple, zilizo na tundu wazi kabisa na ambazo hata hivyo zimethibitishwa kustahimili kuzamishwa majini mita moja kwa dakika 30. Siri yake ilikuwa mpira mwembamba uliozungushiwa tundu kwa ndani, gundi nzuri, na vijino vilivyopakwa madini yasiyoshika kutu upesi. Basi kinachokosekana katika simu ya bei nafuu iliyomo kifuani mwa mchuma chai ni mpira na gundi, vitu vya thamani ndogo, na kulifuta tundu lote kwa ajili ya kukosekana kwa mpira ni kama kuuziba mlango wa nyumba kwa matofali kwa kuwa bawaba zake zinalia.

Nageukia umeme wenyewe, maana hapo ndipo mambo yanapokuwa mazito. Chaji isiyo na waya hutegemea kanuni aliyoidhihirisha Michael Faraday mwaka 1831: umeme unaobadilika-badilika katika mzinga mmoja wa waya wa shaba huzaa nguvu ya sumaku, na nguvu hiyo huzaa umeme katika mzinga wa pili uliowekwa karibu yake. Katika kanuni za Qi, ambazo ndizo zinazofuatwa leo na watengenezaji wengi wa simu, mzinga wa kwanza umo katika kibao kilichowekwa mezani na wa pili umo mgongoni mwa simu, na umbali baina yao ni wa milimita chache tu. Kazi hiyo ni ya ajabu na mimi siidharau. Lakini umeme haupiti hewani bila kulipa ushuru, na hata kibao kizuri hupoteza takriban robo ya nguvu kiliyoipokea, ikageuka joto, na joto hilo hilo ndilo linaloizeesha betri. Simu ikikaa upande kidogo, hasara huzidi. Tena kibao chenyewe kinalishwa kwa waya, na waya huo umechomekwa penye tundu. Kwa hiyo ahadi ya kuliondoa tundu haijatimizwa, bali tundu limetolewa katika chombo anachokimiliki mtu na kupelekwa katika chombo cha pili ambacho sharti akinunue.

Kwa mtu wa Nairobi mwenye umeme ukutani hasara ya robo ni jambo la kulipia na kulisahau. Tuihesabu mahali ambapo umeme hutoka katika paneli ndogo ya sola iliyopigiliwa juu ya bati, chini ya mawingu ya Konoin. Betri ya kawaida ya simu, ile iandikwayo 5,000 mAh, huchukua wati-saa 19 hivi. Kwa waya, paneli na betri yake zitalazimika kutoa wati-saa kama 21. Kwa kibao, zitatoa 25 au zaidi. Tofauti ya wati-saa 4 yaweza kuwasha taa ya wati 2 kwa muda wa saa mbili, na saa mbili za taa ndizo saa anazozihitaji mtoto wa shule ya msingi au wa sekondari kumaliza kazi yake ya shule usiku. Wala nyumba zilizounganishwa na nyaya za kampuni ya umeme hazina amani kamili: katika mwaka 2023 Kenya iliingia gizani nchi nzima mwezi Agosti, kisha tena Novemba na Desemba, na siku kama hizo mwenye simu ya tundu huazima betri ya pikipiki, au paneli ya jirani, au huenda sokoni kwa mwenye jenereta, akachomeka na kuondoka na uhai kidogo ndani ya simu yake. Waya mmoja hukubalika na vyanzo vyote hivyo; kibao chahitaji umeme mwingi zaidi, chahitaji kutulia, na simu za bei nafuu hazina kabisa ule mzinga wa shaba mgongoni.

Jaribio la kuuza simu isiyo na tundu limekwisha kufanywa. Mwezi Januari 2019 kampuni ya Meizu ya China ilitangaza simu iliyoitwa Zero, isiyo na tundu wala kitufe, na katika mwezi uo huo Vivo ilionyesha ya kwake; ya Meizu ilitafutiwa wanunuzi kwa njia ya mchango wa umma, na lengo la dola 100,000 halikufikiwa. Watu walipima wakakataa. Lakini kukataa kwa wanunuzi hakuwi kinga ya milele, kama tulivyojifunza mwaka 2016 Apple ilipoliondoa tundu la visikizi katika iPhone 7, watu wakanung'unika, na baada ya miaka michache kampuni zilizocheka zikafuata nyayo zile zile.

Na katika kisa hicho cha visikizi limo funzo ambalo watu wa Kericho wana haki ya kulitaja kabla ya wengine. Katika simu nyingi redio ya masafa ya FM haishiki bila visikizi vya waya, kwa kuwa waya ule ndio antena yake. Mchumaji katika shamba la chai husikiliza Kass FM au Chamgei FM kwa lugha ya Kikalenjin, habari za bei, za vifo na za mvua, bila kununua data hata ya shilingi moja. Tundu la visikizi linapoondolewa, tangazo la muuzaji husema habari za wembamba na uzuri wa simu. Halisemi kwamba redio ya bure nayo imeondoka, na kwamba atakayetaka kuisikia idhaa yake itambidi sasa ailipie kampuni ya mtandao. Nasisitiza jambo hili kwa sababu tundu la chaji nalo lina kazi isiyotajwa katika matangazo, na kazi hiyo ndiyo kiini cha makala haya.

Tundu la chini la simu si la umeme pekee. Ni mlango wa data, na ni mlango wa pekee ambao mwenye mali huupita pasipo kuomba idhini ya mtu. Simu ikianguka juu ya lami ya Kapsoit na kioo chake kikaacha kuitikia kidole, fundi huchomeka kipande cha kuunganishia, akatia kipanya cha kompyuta, na picha za marehemu mama zikatolewa moja baada ya moja. Programu zikivurugika simu isiweze kuwaka, fundi huichomeka penye kompyuta yake akaipakia upya. Kijana asiye na pesa ya data huenda katika duka la nyimbo na filamu, akajaziwa kwa waya alichokitaka. Katika mambo yote haya hapana akaunti, hapana neno la siri lililosahauliwa, hapana mtandao uliopotea kwa sababu mnara umekosa umeme. Ukiuziba mlango huo, kila kitakachotoka au kuingia katika simu sharti kipite hewani, na njia za hewani hufunguliwa na programu za mtengenezaji, kwa masharti ya mtengenezaji, maadamu simu ni nzima na kioo chake kinaguswa. Siku simu itakapougua ndiyo siku mwenyewe atakapojua kwamba alichokinunua kwa ujira wa miezi hakuwa na milki yake kamili.

Mkulima mdogo wa chai analielewa jambo hili pengine kuliko mwanasheria. Majani yake hupimwa katika kituo cha kununulia, yakapakiwa katika lori kwenda kiwandani, Kapkoros au Tirgaga au Momul, yakasagwa na kukaushwa, yakapelekwa katika mnada wa Mombasa, na bonasi ikahesabiwa miezi mingi baadaye na watu asiowaona. Katika safari yote hiyo, kitu kinachobaki mkononi mwake ni risiti yenye uzito na tarehe, na ndiyo maana katika nyumba nyingi za Bureti na Konoin risiti huhifadhiwa ndani ya kopo au sanduku pamoja na hati ya shamba. Siku hizi ujumbe wa uzito, malipo ya M-Pesa na picha za stakabadhi vimo ndani ya simu. Kopo limekuwa simu. Basi na aulizwe mkulima huyo kama angekubali kununua kopo lisilo na kifuniko, ambalo vilivyomo hutolewa kwa hisani ya aliyelitengeneza. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 38, imempa mtu haki ya kupata data zake na kuzihamisha kutoka kwa anayezihifadhi. Itakuwa ajabu kubwa kama haki hiyo itamlinda dhidi ya benki na kampuni ya simu, ilhali chombo kilichomo mfukoni mwake mwenyewe kimefungwa.

Wako wanaojibu kwamba mlango ulio wazi huingiwa na wezi pia, na kwamba tundu la chaji katika kibanda cha stendi laweza kutumiwa kuiba siri za mtu. Hatari hiyo ipo, lakini simu za sasa huuliza kwanza kabla ya kutoa data kwa waya, na waya wa chaji tupu hupatikana. Dawa ya kufuli mbovu ni kufuli njema. Wengine husema kwamba simu zisizo na tundu zitakuwa za matajiri, wala hazitamgusa mchuma chai. Hawa wamesahau jinsi simu zinavyosafiri. Simu zilizokwisha kutumika Ulaya na Dubai, ambazo wachuuzi wa Kenya huziita "ex-UK", hufika Nairobi, kisha Kericho mjini, kisha Sotik na Bomet, na kile anachokubali tajiri wa London mwaka huu ndicho atakachouziwa mwalimu wa Londiani miaka mitatu au minne baadaye, bila kuulizwa rai yake.

Umoja wa Ulaya umetunga sheria, Agizo namba 2022/2380, ambayo tangu tarehe 28 Desemba 2024 inazilazimisha simu mpya zinazouzwa huko kuwa na tundu la aina ya USB-C, na Apple ilikwisha kuitii sheria hiyo mapema kwa kuliacha tundu lake la Lightning katika iPhone 15 mwezi Septemba 2023. Wengi wamedhani kwamba jambo limekwisha. Halijakwisha, kwa sababu agizo lile lawahusu watengenezaji wa vyombo viwezavyo kuchajiwa kwa waya, na chombo kisicho na tundu lolote kimo nje ya sharti hilo. Ulaya imeamua tundu liwe la namna gani; haijaamua kwamba sharti liwepo.

Pengo hilo Kenya yaweza kuliziba yenyewe, wala si lazima ingoje. Brazil, mwezi Septemba 2022, ilitumia sheria zake za mlaji kuizuia Apple kuuza simu zisizo na chaja ndani ya sanduku, na ilitoza faini. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mlaji haki ya bidhaa yenye ubora unaostahiki na haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo inayoidhinisha aina za simu kabla hazijauzwa nchini. Shirika la Viwango lina uwezo wa kuandika kiwango. Naziomba taasisi hizi mbili ziandike sharti fupi: kwamba kila simu itakayouzwa Kenya, mpya au iliyotumika, iwe na tundu moja la USB-C lililozibwa dhidi ya maji, lipitishe umeme na data pia, na lifanye kazi hata pale akaunti ya mwenye simu imefungwa au mtandao haupo, mradi yeye mwenyewe ameifungua simu yake. Na nawaomba wabunge wa Kericho na Bomet, ambao wapiga kura wao wanazibeba simu hizo mvuani kila siku, walipeleke jambo hili bungeni kabla simu ya kwanza isiyo na tundu haijapangwa katika duka la Litein.