Inchi 10 au Inchi 16? Historia ya Tomu Zilizotaka Kuvunja Bendi ya Washikaji

Kuna bendi moja hapa Dar, jina nalihifadhi maana wenyewe bado hawajamalizana, imekaa wiki tatu bila kufanya mazoezi. Sio mwanamke, sio hela ya shoo. Ni inchi.

Iko hivi. Mpiga dramu wao, kijana aliyejifunzia kanisani kama wengi wetu, amekusanya hela miaka miwili kwa kuuza kava za simu. Sasa kapata dramu za mtumba sehemu mbili, bei karibu sawa. Seti moja ina tomu za inchi 12, 13 na 16. Nyingine ina 10, 12 na 14. Wanapiga metali, ile roki nzito yenye kelele ambayo mama yako akisikia anauliza kama kuna mtu anaumwa. Mpiga gitaa anataka tomu kubwa, anasema muziki mzito unataka ngoma nzito. Mpiga besi anataka ndogo. Wakarushiana maneno kwenye grupu la WhatsApp, mmoja akajitoa. Kijana wa watu akanipigia usiku: "Kaka, wewe si unasomasoma haya mambo? Niambie ninunue ipi, hii hela sina nyingine."

Nikaingia kusoma. Na nilichokuta ni kwamba ugomvi wao ni wa zamani kuliko babu zao.

Kwa asiyejua, tomu ni zile ngoma zisizo na nyuzi chini kama snea. Moja au mbili zinakaa juu ya dramu kubwa ya mguu, na nyingine yenye miguu yake inasimama chini upande wa kulia wa mpigaji. Marekani, miaka ya 1920, wapiga jazi walikuwa wanatumia ngoma ndogo za Kichina zilizochorwa marangi, ngozi imepigiliwa kwa misumari. Ukishapigilia ndio basi tena, huwezi kukaza wala kulegeza. Hapo Mswahili anaelewa haraka, si umewaona wazee wetu wanavyoota ngoma kwenye moto kabla ya kuingia uwanjani? Ngozi ikinywa unyevu inalegea, sauti inakufa.

Aliyevunja hiyo kero ni Gene Krupa, mpiga dramu wa bendi ya Benny Goodman. Miaka ya 1930 aliibana kampuni ya Slingerland imtengenezee tomu zinazokazwa kwa skrubu juu na chini. Vipimo vyake vikawa inchi 13 kwa ya juu na 16 kwa ya chini. Januari 1938 wakapiga ukumbi wa Carnegie Hall, New York, na kwenye "Sing, Sing, Sing" jamaa akaitwanga ile tomu ya chini mpaka watu wakachanganyikiwa. Kabla ya hapo tomu ilikuwa kama pambo. Baada ya hapo ikawa na kauli yake. Angalia tena hizo namba, 13 na 16. Zaidi ya miaka 80 imepita na bado ukiingia duka la dramu unazikuta.

Miaka ya 1950 zikaja ngozi za plastiki, Remo na Evans ndio majina makubwa hapo, na habari ya mvua na jua ikapungua. Sasa ungeweza kupiga kwa nguvu zako zote na ngozi isikuangushe. Bila hilo, sidhani kama metali ingekuwepo.

Halafu Februari 1964 Beatles wakatua Marekani. Ringo Starr alipiga Ludwig ndogo, tomu ya 12 na ya 14, dramu ya mguu inchi 20. Watu zaidi ya milioni 70 wakamwona kwenye televisheni siku moja, na vijana wakakimbilia madukani. Lakini baada ya miezi michache tu Ringo mwenyewe akapanda kwenda 13 na 16, na dramu ya mguu ya 22. Kumbi zilikuwa kubwa, mashabiki wanapiga mayowe, na enzi hizo dramu hazikuwa zinawekewa maikrofoni kila moja kama sasa. Ukitaka kusikika, unaongeza mzinga.

Ndipo anaingia John Bonham wa Led Zeppelin. Huyu ndiye nabii wa yule mpiga gitaa wetu. Tomu ya juu inchi 14, za chini 16 na 18, dramu ya mguu 26. Ukiziona utadhani mapipa ya maji. Watu wengi wanaishia hapo, wanasema ukitaka sauti ya Bonham nunua mapipa. Mimi nilichokigundua ni tofauti. Bonham alikuwa anazikaza ngoma zake, hakuziacha zimelegea kama wengi wanavyodhani. Na ile sauti ya "When the Levee Breaks" ya 1971, dramu ziliwekwa chini ya ngazi kwenye jumba la Headley Grange kule Uingereza, maikrofoni zikatundikwa juu huko ngazini. Unachosikia ni ngoma pamoja na nyumba. Huyu mshikaji wangu anafanyia mazoezi kwenye chumba cha tofali chenye bati juu, mlango haufungi vizuri. Hata akinunua inchi 18, lile jumba hatalipata.

Wakati huohuo Birmingham kulikuwa na Black Sabbath, albamu yao ya kwanza ikatoka Februari 1970. Mpiga gitaa wao Tony Iommi alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani. Nyuzi zikawa zinamuumiza, akaanza kuzilegeza, na kufikia albamu ya 1971, "Master of Reality", gitaa likawa limeshushwa chini kabisa. Nikasimama hapo kidogo, kwa sababu jibu la mshikaji wangu nililiona humo.

Uzi mnene wa gitaa la kawaida unatikisika kama mara 82 kwa sekunde. Ukishusha kama Iommi, unafika kama 69. Na tomu ya inchi 16 ikikazwa kawaida inacheza humohumo, kati ya 70 na 90. Yaani gitaa na tomu wanagombania kiti kimoja kwenye daladala. Wewe unapiga, gitaa linakumeza, mashabiki wanasikia "bu" tu. Tomu ya 10 au 12 inapanda juu zaidi, inapata nafasi yake.

Halafu ikaja spidi. Mwaka 1986 Slayer walitoa "Reign in Blood", albamu nzima haifiki nusu saa, mpiga dramu ni Dave Lombardo, mzaliwa wa Havana. Piga hesabu na mimi: mwendo wa 200 kwa dakika, kila pigo likigawanywa mara nne, ni mapigo 800 kwa dakika, zaidi ya 13 kwa sekunde. Tomu kubwa iliyolegea ikilia sekunde moja, pigo la kwanza bado linanguruma wakati la kumi na tatu linaingia. Ni uji. Ndiyo maana wapiga metali ya kasi wengi wakasogea kwenye 10 na 12 za juu, na wakabakiza 16 moja chini kwa ajili ya kishindo.

Miaka hiyohiyo ya 80 viwanda vikaleta fasheni ya tomu za kina kirefu, kina kikaribiana na upana. Kwenye picha zilipendeza kinoma. Lakini tomu ndefu juu ya dramu kubwa ya mguu inapanda mpaka karibu na kidevu, unapiga umenyanyua mabega kama unachuma maembe. Baadaye wengi wakarudi kwenye mizinga mifupi, 12 yenye kina cha 8 au 9, ambayo inajibu haraka. Upana ndio unaamua zaidi sauti iwe nene au nyembamba. Wauzaji wa mtumba hilo hawakwambii, wanakuonyesha rangi tu.

Na sio wote wanaokimbia kwenda juu. Sepultura wa Brazil, kwenye "Roots" ya 1996, tomu zimebeba wimbo wenyewe badala ya kusubiri mwisho wa mstari ndio zipite. Mapigo machache, mazito, yenye nafasi katikati. Hapo inchi 16 ina kazi ya maana, maana muziki umeiachia hewa.

Basi nikampigia mshikaji. Nikamuuliza kitu ambacho kwenye grupu lao hakuna aliyeuliza: nyimbo zenu zina mwendo gani, na gitaa mmelishusha wapi? Akasema nyimbo tano ni za kasi, mbili za taratibu, gitaa limeshushwa sana. Nikamwambia achukue seti ya kwanza ila asifunge zote. Afunge 12 juu peke yake, aikaze, 16 iwe chini kwa zile nyimbo mbili. 13 aiweke pembeni, iko karibu mno na 12, zinasemeshana kitu kilekile. Na asiponunua ngozi mpya hizo inchi zote ni bure, maana za mtumba zimeshabonyea kama sufuria ya msibani.

Jumamosi kaenda kuichukua. Mpiga gitaa kafurahi kuona 16, mpiga besi kafurahi kuona juu kuna ndogo moja tu, na kila mmoja anatangaza kwamba yeye ndiye alishinda. Ile 13 imepelekwa kanisani alikojifunzia, ya kule ilikuwa imepasuka mzinga tangu Pasaka. Bado hajapata hela ya ngozi ya 16, kwa sasa kaibandika selotepu.