Chai Inayomfuata Mnunuzi

Tarehe 29 Juni 1998, nyundo ya mnada wa chai iligongwa London kwa mara ya mwisho. Mnada huo ulianza mwaka 1679, chini ya Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki. Chai haikuwa imeadimika. Makampuni ya kuchanganya na kufungasha yalikuwa yameshazoea kununua karibu na mashamba, na wauzaji hawakuwa na budi kuyafuata huko.

Mombasa ilikuwa imejiandaa mapema. Mnada ulioanzishwa Nairobi mwaka 1956 ulihamia pwani mwaka 1969, jirani na maghala na bandari, na mwaka 1992 ukaanza kuuza kwa dola ya Marekani. Viwanda navyo viligeuka. Mifuko midogo ya chai ilidai majani yanayokolea upesi, na Kenya ikaegemea mashine za kuponda, kuchana na kukunja majani, zinazojulikana kwa kifupi kama CTC.

Katika biashara hii, tangazo halisi ni sampuli. Kabla ya mnada, dalali huwapelekea wanunuzi pakiti ndogo za kila fungu. Mwonjaji huvuta chai kwa kishindo kutoka kwenye kijiko, huizungusha mdomoni, huitema, kisha huandika makisio ya bei. Anayenunua kwa ajili ya Pakistani ana lake analolitafuta, na wa Misri ana lake. Kiwanda kisichojua wateja wake wanapenda nini hupunjwa hapo hapo.

Baadaye ladha peke yake haikutosha. Mwaka 2007 Unilever, iliyokuwa ikimiliki Lipton, ilitangaza kwamba itatafuta chai yenye cheti cha kilimo endelevu cha shirika la Rainforest Alliance. Wakulima wadogo wakaanza kufundishwa kutunza vyanzo vya maji na kuweka kumbukumbu za shamba, kwa sababu mnunuzi sasa aliuliza chai imelimwaje.

Kisha ikaja korona. Mwaka 2020 kelele za ukumbi wa Mombasa zilinyamaza, na zabuni zikahamia kwenye kompyuta.

Mwaka uliofuata Kenya iliweka bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo kwa chai ya wakulima wadogo. Nia ilikuwa njema, na wakulima hao walistahili kulindwa. Lakini wanunuzi waliruka mafungu yaliyoonekana ghali kuliko ubora wake, na shehena zikarundikana maghalani.

Novemba 2023 Tanzania ilifungua mnada wake Dar es Salaam. Chai ya Mufindi na Rungwe, iliyozoea kupitia Mombasa, sasa inatafuta wanunuzi watakaoionja nyumbani.