Mshale Umepata, Mnyama Yuko Wapi?

Kikopo cha plastiki cha filamu ya kamera, donge la uzi mwembamba wa nailoni na utepe wa gundi: kwa vitu hivyo mwindaji wa Marekani wa miaka ya 1980 aliweza kujitengenezea nyumbani chombo cha kumtafutia kulungu aliyemchoma mshale. Donge la uzi husokotwa bila kigogo cha katikati, ili uzi uchomoke kwa ndani bila donge kuzunguka. Kikopo hufungwa kwenye upinde, chini ya mshikio, na kifuniko chake hutobolewa tundu. Ncha ya uzi hupitishwa tunduni na kufungwa nyuma kidogo ya chembe. Mshale ukiondoka, uzi unaufuata. Mnyama akikimbia na mshale mwilini, uzi unazidi kuchomoka mpaka pale atakapolala. Mwindaji husubiri, kisha huushika uzi na kuufuata vichakani.

Habari za uwindaji wa upinde zimeandikwa sana kwa kuusifu upinde wenyewe, mti wake, nguvu zake na shabaha ya mwenye kuuvuta. Kazi inayoanza baada ya mshale kupata hutajwa kwa mstari mmoja tu, ilhali ndiyo inayoamua kama nyama italiwa nyumbani au na fisi. Risasi nzito huvunja mfupa na kumwangusha mnyama kwa kishindo. Mshale hukata tu, na mnyama hufa kwa kuvuja damu. Aliyekatwa mapafu anaweza kukimbia mita mia moja kabla ya kuanguka. Aliyechomwa tumbo anaweza kwenda kilomita nzima na zaidi. Kwa hiyo wawindaji huisoma damu. Nyekundu yenye povu ni ya mapafu. Nzito iliyoiva ni ya ini. Yenye ukijani na harufu ya choo ni ya tumbo, na mnyama wa namna hiyo hafuatwi papo hapo, kwa maana akisumbuliwa atainuka aende mbali. Huachwa saa sita au hata zaidi, alale mwenyewe.

Kila jamii iliyowinda kwa upinde ilipaswa kulijibu swali la namna ya kumpata mnyama aliyechomwa, na ilijibu kwa kile ilichokuwa nacho.

Kamba ya kumfuatia mnyama ni ya kale zaidi majini, ambako hakuna nyayo wala damu ya kusoma. Kwenye kaburi la Ti huko Saqqara, Misri, lenye umri wa miaka ipatayo 4,400, kumechongwa wawindaji juu ya mitumbwi ya mafunjo wakiwachoma viboko kwa vyusa vyenye kamba. Maelfu ya miaka baadaye, mwaka 1861 na 1862, Mwingereza Samuel Baker alipita mto Atbara na vijito vyake, akawakuta Waarabu wa Hamran wakiifanya kazi ileile. Chembe ya chusa chao ilichomoka kwenye mpini ikabaki mwilini mwa kiboko, na kamba yake iliishia kwenye boya la ambachi, mti mwepesi unaoelea kama kizibo. Kiboko akizama, boya linabaki juu likionyesha alipo, na watu huogelea kulifuata. Wavuvi wa pwani yetu nao walipata njia yao ya kumfikia kasa. Walimfunga kamba mkiani samaki aitwaye chazo, mwenye kifyonzio kichwani, wakamwachia karibu na kasa. Chazo akishagandama, kasa huvutwa polepole hadi chomboni. Waingereza waliokaa Unguja katika karne ya 19 waliandika habari zake kwa mshangao mkubwa.

Nchi kavu, mfano ninaouona kuwa bora kuliko yote uko mbali na kwetu, kwenye visiwa vya Andaman katika Bahari ya Hindi. Mshale wa nguruwe mwitu wa wenyeji wa huko ulikuwa na chembe inayochomoka, iliyounganishwa na wano kwa kamba fupi iliyosukwa. Nguruwe akichomwa, wano hutoka mahali pake na kuburutwa nyuma yake, kisha hunasa kwenye matawi na mizizi, na nguruwe anasimamishwa na msitu wenyewe. Hapo hakuna haja ya kumtafuta sana.

Bara la Afrika Mashariki halikuhitaji kamba, kwa kuwa lilikuwa na sumu.

Waata, ambao vitabu vya kikoloni viliwaita Waliangulu, waliwinda tembo katika nyika ya Tsavo na mto Galana kwa upinde ambao uvutaji wake ulihitaji nguvu ya ratili 100 na zaidi, yaani kilo 45 kwenda juu. Hata hivyo si upinde uliomuua tembo. Magome na miti ya msunguti ilichemshwa kwa saa nyingi mpaka ikabaki lami nyeusi. Wengi wa waliokuwa mafundi wa kazi hiyo walikuwa Wagiriama, na Waata waliinunua kwao. Lami ilipakwa nyuma ya chembe, kisha ikazungushiwa ukanda wa ngozi laini ili isikauke wala isimchubue mwenye podo. Ukanda ulifunguliwa pale tu mnyama alipokuwa mbele ya macho. Sumu ikikauka au ikizeeka, tembo huenda na mshale wake asionekane tena, na ndiyo maana kuijaribu lilikuwa jambo zito. Inasimuliwa kwamba mtu hujichanja mkononi, akaacha damu itiririke, kisha akagusisha sumu kwenye mwisho wa chini wa mchirizi. Sumu ikiwa kali, weusi hupanda juu kwa kuifuata damu, na mtu huufuta haraka kabla haujafika jerahani. Sumu ya namna hiyo ikiingia mwilini husimamisha moyo, hata wa tembo, na mnyama hafiki mbali.

Wano la mshale huo nalo lilidondoka, chembe ikabaki ndani. Na kila mwindaji aliweka alama yake kwenye mshale. Tembo akipatikana amekufa, alama ndiyo iliyosema pembe ni za nani, hata kama waliomkuta ni watu wengine. Mwaka 1956 na 1957, David Sheldrick na Bill Woodley wa hifadhi ya Tsavo walipoongoza msako dhidi ya uwindaji huo, alama zilezile zilizomaliza ugomvi kati ya wawindaji zikawa ushahidi wa kuwatia jela. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote mwaka 1977.

   

Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi wana sumu zao mbili, panjube na shanjo, lakini kwao kinachonivutia zaidi ni subira. Aliyempiga mnyama mkubwa hamkimbilii. Hutazama alikoelekea, huokota wano lililodondoka na kulikagua, kisha hurudi kambini. Baadaye, au asubuhi ya pili, watu hutoka kwa kundi kufuata nyayo, na wengi wao ndio watakaobeba nyama. Utaalamu huo wa jani lililopinduka na unyasi uliovunjika hufundishwa tangu utotoni, na hauna kifaa chochote.

Sasa turudi Marekani, kwa sababu uwindaji wa upinde wa kisasa wa huko una nasaba yake. Mwaka 1911, Ishi, wa mwisho wa watu wa Yahi, alitokea karibu na mji wa Oroville, California, akapelekwa kuishi kwenye makumbusho ya chuo kikuu huko San Francisco. Daktari wa upasuaji Saxton Pope alijifunza kwake kuchonga upinde na kunyemelea. Ishi alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1916. Pope na rafiki yake Arthur Young wakaeneza ufundi huo, na mwaka 1925 walikuja hadi Tanganyika kuwapiga simba kwa mishale, wakiwa na mwandishi Stewart Edward White na bunduki yake kando. Waliingia nchi yenye mabingwa wa sumu wakiwa na chembe pana za chuma zilizonolewa, na si kingine. Mwaka 1934, jimbo la Wisconsin lilifungua msimu wa kulungu kwa wenye pinde peke yao. Mwaka 1969, Holless Wilbur Allen wa Missouri alipata hataza ya upinde wa kapi, na watu waliokuwa hawajawahi kushika upinde wakaingia msituni kwa wingi.

Wengi wao waliwinda siku chache kwa mwaka. Sumu ilikatazwa karibu kila mahali. Katika majimbo mengi ya kaskazini, mbwa nao hawakuruhusiwa kumfuata kulungu. Wapinzani wa upinde walikuwa wakiuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, ni wanyama wangapi wanaochomwa wakaenda kuoza bila kupatikana. Uzi ukaja kujaza pengo hilo. Wapo waliojaribu njia ya sumu kwa mlango wa nyuma: huko Mississippi wawindaji wengine walifunga nyuma ya chembe kifuko cha suksinilkolini, dawa ya wauguzi wa ganzi inayolegeza misuli. Klabu ya Pope and Young, iliyoanzishwa mwaka 1961, haimwingizi kwenye rekodi zake mnyama aliyepatikana hivyo.

Uzi ulifaa zaidi kwa wanyama wasioacha damu nyingi. Dubu ana mafuta mazito na manyoya yanayoinyonya damu kabla haijadondoka. Bata mzinga wa mwitu anaweza kuruka, akaacha manyoya mawili chini na basi. Mvua ikinyesha, njia ya damu huoshwa, uzi unabaki. Kasoro zake lakini ni nyingi. Huuvuta mshale chini, hivyo haufai kupita mita ishirini hivi. Upepo huupeperusha mpaka ukanasa kwenye manyoya ya mshale au kwenye kijiti, na shabaha ikapotea papo hapo. Ukikatika, unamwacha mwindaji asiyejua kusoma nyayo akiwa hana chochote mkononi, kwa kuwa aliutegemea wenyewe. Kuanzia miaka ya 1970 wapenzi wa mbwa wa kunusa damu walianza kudai sheria iwaruhusu mbwa waliofungwa kamba, na majimbo mengi yamekubali tangu hapo. Mbwa ameuacha uzi nyuma.

Kwa hukumu yangu, uzi wa kikopo ulikuwa jibu la heshima kwa mtu aliyeazima upinde wa Ishi bila kuazima macho yake, lakini ndilo jibu dhaifu kuliko yote niliyoyataja hapa. Pinde na mishale ya Waata na Wahadzabe imekusanywa tangu enzi za ukoloni na inahifadhika. Namna ya kumfuata mnyama haikusanyiki hivyo, nayo ndiyo nusu ya pili ya ufundi. Wenye makumbusho, vyuo na vinasa sauti, nendeni Galana na Eyasi mkawarekodi wafuataji nyayo wangali wanatembea.