Kabla mabati hayajang'aa

Wasee, angalieni paa lililo juu yenu. Kama ni mabati, lilianzia kwenye asidi. Zinki haishiki chuma chenye kutu, kwa hivyo tangu Mfaransa Sorel apate hataza ya kuchovya chuma kwenye zinki mwaka 1837, lazima chuma kioshwe kwanza. Sisi Eastlands mabati tunayajua sana. Ile asidi ndiyo hatuiongelei.

Na asidi huchoka. Inakula kutu mpaka inajaa chuma na haiumi tena. Sasa iende wapi? Ulaya, enzi za asidi ya salfuriki, waliipoza ikatoa fuwele za kijani, wakawauzia watengenezaji wa wino na rangi. Si ati walipenda mazingira, ilikuwa pesa tu. Miaka ya 1960 viwanda vikubwa vikahamia asidi ya haidrokloriki, inayoosha haraka zaidi, na kampuni ya Ruthner ya Austria ikaja na tanuri la kuirudisha. Asidi iliyochoka inanyunyiziwa kwenye joto la nyuzi 600 na zaidi, chuma kinabaki unga mwekundu, gesi ya asidi inanaswa kwa maji. Karibu yote inarudi kazini. Hata ule unga unauzwa: sumaku ya spika yako huenda ilitokana na unga kama huo.

Teknolojia yenyewe basi ni rika la wazazi wetu. Shida ni kwamba tanuri hilo linalipa kwa kiwanda kinachoosha maelfu ya tani, si kwa karakana yenye matangi matatu. Tena asidi ya wachovyaji wadogo huwa na zinki, maana kazi ikiharibika wanaivua zinki kwenye asidi ileile, na zinki huvuruga tanuri. Kinachobaki ni chokaa: inaua ukali, inakuachia tope la kutupa. Chokaa ni pesa. Mto ni bure.

Mto wetu ni Ngong. Mpango wa jiji wa 1948, wa mkoloni, uliweka viwanda kando ya reli na wafanyakazi Waafrika upande huu wa mashariki, na maji yanayopita Industrial Area ndiyo hayo yanayopita Mukuru. Kanuni za 2006 zilitaka maji ya kiwandani yanayoingia mtoni yawe kati ya pH 6.5 na 8.5. Asidi iliyochoka iko chini ya 1. Sawa, lakini kanuni inamwambia fundi mdogo asimwage, haimwonyeshi pa kupeleka.

Mimi ningeanza na matangi: moja la kuvua zinki, lingine la kutu pekee, yasichanganywe. Asidi yenye chuma bila zinki ina mnunuzi, kwa sababu nchi nyingine huigeuza dawa ya kugandisha uchafu kwenye majitaka. Kisha lori moja lizunguke karakana zote kuikusanya. Hapo hauhitaji tanuri la Austria, unahitaji tangi la ziada na mtu wa kupiga hesabu ya mafuta ya lori.