Fahali Wawili Zizi Moja? Paka Wanaweza, Ukijua Historia Yao

Wasee, leo najua wengine mtanipinga, lakini niseme tu. Ile sentensi ya "paka mkubwa hazoei nyumba yenye paka mwingine" ni uongo. Nimeisikia hapa Kegonga tangu nikiwa mtoto, na sasa naisikia pia kwa marafiki walio Nairobi na Kisumu. Inasemwa kwa uhakika kabisa, kama vile mtu amesoma mahali.

Cheki vile huwa inaenda. Mtu anahama kwenda mjini, anaachia shangazi yake paka wa miaka minne. Shangazi tayari ana paka wake, yule anayelinda mahindi. Mgeni analetwa kwa gunia, gunia linafunguliwa katikati ya sebule, na watu wanatoa simu kurekodi. Sekunde tatu, manyoya yanaruka. Mgeni anapita chini ya kochi, anatoka kwa dirisha, anapotea. Ama mbaya zaidi, yule mwenyeji ndiye anahama, na panya wanabaki na stoo yao. Kisha kila mtu anatingisha kichwa: "Si tulisema? Fahali wawili hawakai zizi moja."

Mimi nasema tatizo si paka. Tatizo ni kwamba tunamchukulia paka kama mbuzi au mbwa, na historia yake si ya mbuzi wala ya mbwa.

Tuanzie kwa babu yao. Kiswahili kinamwita kimburu, wengine wanasema paka-pori. Hayuko mbali na sisi. Ukitoka Kuria Mashariki ukaingia upande wa Transmara, unaelekea Maasai Mara, na huko bado yuko. Anafanana sana na paka wa nyumbani, ila miguu ni mirefu na nyuma ya masikio kuna rangi nyekundu ya udongo. Muhimu zaidi ni maisha yake: anaishi peke yake. Anawinda peke yake, ana eneo lake, na analiwekea mipaka kwa harufu: mkojo, makucha kwenye mti, shavu kwenye jiwe. Kwa kimburu, paka mwingine mkubwa akitokea, maana yake ni moja: huyu amekuja kuchukua chakula changu.

Linganisha na mbwa. Babu wa mbwa ni mbwa mwitu wa kaskazini ya dunia, mnyama wa kundi. Mbwa amezaliwa akijua kuna mkubwa na kuna mdogo, kuna wetu na kuna wageni. Paka hakurithi hiyo akili ya kundi. Alirithi mipaka.

Sasa aliingiaje nyumbani? Miaka karibu 10,000 iliyopita, watu wa Mashariki ya Kati walianza kulima nafaka na kuiweka ghalani. Ghala likaleta panya, panya wakaleta paka. Hakuna aliyemfunga kamba. Alijileta mwenyewe, akakaa kwa sababu chakula kilikuwa kingi. Huko Kisiwa cha Kupro, wachimbaji wa mambo ya kale walipata kaburi la miaka kama 9,500: mtu amezikwa, na kando yake tu, sentimita kama 40, amezikwa paka. Ugunduzi huo ulichapishwa mwaka 2004. Kupro haikuwa na paka wake wa asili, kwa hiyo kuna mtu aliyewabeba kwa mashua. Fikiria hilo. Hadithi ya paka kuhamishwa na binadamu kwenda nyumba mpya ni ya zamani kuliko piramidi za Misri.

Na hapo kwenye ghala ndipo kitu cha ajabu kilitokea. Paka, mnyama wa upweke, alijifunza kuvumilia paka wengine. Alianza kuwavumilia kwa sababu panya walitosha wote, hata kabla hawajapendana. Ukienda leo soko lolote la samaki kando ya ziwa, pale wamama wanauza omena, utaona paka saba wamelala mita chache kutoka kwa mwenzake na hakuna vita. Chakula kipo, nafasi ipo, harufu zinajulikana. Hayo matatu yashike vizuri, tutayarudia.

Baada ya ghala ikaja bahari. Mabaharia walimbeba paka kulinda shehena na kamba za meli. Utafiti wa DNA uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta ukoo wa paka wa Misri umefika mbali kupita kiasi: mmoja kwenye bandari ya Waviking kule Bahari ya Baltiki, mwingine kwenye bandari ya Siraf, Iran. Siraf, wasee, ndiyo ile bandari iliyofanya biashara na pwani yetu ya Waswahili zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kule Unguja Ukuu, Zanzibar, mifupa ya panya mweusi, ambaye asili yake ni Asia, imechimbuliwa kutoka enzi hizo hizo. Panya alipanda jahazi bila nauli. Paka alipandishwa amfuate.

Kwa hiyo paka wa Lamu unayemwona kwenye picha za watalii, na paka wa stoo huku Kegonga, wote ni wajukuu wa wageni. Mwenyeji halisi ni kimburu wa porini.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Kilifi. Mwaka 1978 mama mmoja aitwaye Jeni Slater alikuta watoto wa paka wenye madoa kama gome la mti karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Wagiriama walikuwa wakiwajua zamani, wanawaita khadzonzo. Miaka ya 1980 baadhi yao wakapelekwa Denmark, na mwaka 1993 shirikisho la paka la FIFe likawatambua rasmi kama aina inayoitwa Sokoke. Kwa muda watu waliamini huyu ni mnyama wa msitu, mwenyeji kabisa. DNA ilipoangaliwa, kumbe ni paka wa nyumbani, na ukoo wake uko karibu na paka wa Asia. Alikuja kama mgeni, akakaa hadi watu wakasahau kwamba aliwahi kuwa mgeni.

Ndiyo maana nikisikia "paka mkubwa hazoei" nacheka. Historia yote ya paka ni ya kuzoea. Ila kuna jambo tunaruka: amekuwa akizoea polepole. Ghala halikumfungulia paka gunia katikati ya sebule. Alikuja pembeni, akanusa, akaondoka, akarudi kesho yake.

Huku kwetu gunia lina sababu yake. Wazee wanakwambia paka akiona njia atarudi alikotoka, kwa hivyo mfunike macho. Na ni kweli paka wengi hujaribu kurudi. Lakini gunia linatatua safari tu. Halitatui kufika. Mgeni anatoka humo akiwa amechanganyikiwa, ananukia jasho na woga, halafu uso wa kwanza kuuona ni wa adui. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 uliouliza watu walioleta paka mpya kwenye nyumba yenye paka. Karibu nusu walisema kulikuwa na kung'atana na kukwaruzana mwanzoni, na pale mkutano wa kwanza ulipokuwa mbaya, ugomvi ulielekea kuendelea. Yaani siku ya kwanza ina uzito.

Sasa turudi kwa yale matatu: harufu, chakula, nafasi. Hivi ndivyo mimi ningefanya, na unaweza kufanya hata kama unaishi chumba kimoja.

Kwanza, usiwakutanishe. Huku mashambani wengi tuna jiko la nje. Hiyo ni zawadi. Mgeni akae humo na maji, chakula, kitambaa cha kulalia na beseni la mchanga au jivu la kujisaidia. Mlango ufungwe. Kama uko bedsitter mjini, tumia bafu, au kizimba, au pembe uliyoizuia kwa mbao. Ampe mwili wake muda wa kutulia: siku tatu, wiki, hata zaidi. Dalili ni rahisi. Akila vizuri na kujilamba manyoya mbele yako, ametulia.

Pili, badilisha harufu kabla ya sura. Chukua kitambaa, pangusa mashavu ya mgeni, maana hapo ndipo kuna tezi za harufu anazotumia kusema "hapa ni kwangu". Weka kitambaa hicho karibu na sahani ya mwenyeji. Fanya hivyo hivyo upande wa pili. Mwenyeji akifoka kwa kitambaa, poa, afadhali afokee kitambaa. Rudia kila siku hadi asijali.

Tatu, walishe pande mbili za mlango mmoja. Omena huku, omena kule. Anza mbali na mlango, kila siku sogeza sahani karibu kidogo. Unachofanya hapo ni kurudia historia ya ghala kwa udogo: harufu ya yule mwingine inakuja pamoja na shibe, haiji na njaa.

Nne, mlango uachie nafasi ndogo, waonane wakila. Kisha wakutane dakika chache ukiwepo. Kufoka kidogo na kuinua mkono ni mazungumzo, usiingilie. Lakini wakikazana macho bila kupepesa, masikio yamelala nyuma, mkia unapiga, weka kipande cha katoni katikati na urudi hatua moja. Usiweke mkono wako kamwe. Jino la paka huingiza uchafu ndani kabisa, na kichaa cha mbwa kinaweza kupita kwa paka pia. Wote wawili wachanjwe, na kama ni madume, daktari wa mifugo awahasi. Dume asiyehasiwa ndiye huishia kuwa paka shume, yule anayezurura kupigana na kula kuku wa majirani.

Tano, nafasi. Sahani mbili, mahali pawili pa kulala, mabeseni matatu kama wanajisaidia ndani, na mahali pa juu pa kukimbilia. Ukiwabana kwenye sahani moja, umewarudisha porini.

Itachukua muda gani? Wengine wiki mbili, wengine miezi. Wengine hawatawahi kulala pamoja, na hiyo si kushindwa. Methali inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa paka, jembe lingoje kwanza. Ukimtaka ashike panya kwenye stoo siku ya tatu, utampoteza yeye na stoo.

Kwa nini napigia kelele jambo la paka? Kwa sababu hiyo sentensi ya "hazoei" ina bei. Watu wanaamini, kwa hivyo paka mkubwa akiachwa hakuna anayemchukua. Anatupwa sokoni usiku. Na nyumba iliyompoteza paka inanunua sumu ya panya. Panya anakula sumu, paka wa jirani anamla panya huyo, na sasa kijiji kizima kinapungukiwa paka huku mahindi yakiendelea kuliwa. Mwaka 1902 Nairobi ilichoma soko lake la Wahindi kwa sababu ya tauni, ugonjwa unaobebwa na viroboto wa panya. Kuishi na panya kuna gharama, na babu zetu walijua paka ni mfanyakazi wa maana.

Wana methali pia: paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi. Ninachoongezea mimi ni kidogo tu. Kabla ya kuwa paka wa nyumba, kila paka alikuwa mgeni mlangoni. Mpe huo mlango, uufunge kwanza, kisha uufungue taratibu.

Kama nyumbani kwenu mna paka wawili waliokutana wakubwa na sasa wanaishi poa, andika hapa chini mlifanyaje. Na ukiona mtu karibu nawe anafungua gunia sebuleni, mwambie afunge kwanza.